Gololi Huenda Wapi?

Kila kinachosaga nacho husagika. Ukitaka ushahidi, tafuta nyumba ya kijijini ambayo bado ina jiwe la kusagia, lile bapa ambalo bibi alilipigia magoti na kusukuma jiwe dogo mbele na nyuma juu ya ulezi. Katikati yake kuna bonde. Bonde hilo halikuchongwa na fundi. Ni jiwe lililoondoka punje kwa punje kwa miaka mingi, na halikwenda mbali: liliingia kwenye unga, unga ukawa ugali, ugali ukaliwa. Familia ilikula jiwe lake lenyewe bila kulihesabu.

Nimelifikiria bonde hilo kwa mwaka mzima, kwa sababu nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi, na utafiti wangu unategemea unga. Najaribu kutengeneza udongo mweupe wa vikombe kwa kutumia kaolini ya Pugu, ule udongo laini kama poda unaochimbwa katika vilima vya nje kidogo ya Dar es Salaam. Kaolini peke yake haitoshi. Mapishi ya zamani ya kauri ngumu nyeupe ni sehemu 50 za kaolini, 25 za feldispa na 25 za kwatzi. Feldispa ni jiwe linaloyeyuka tanurini na kuwashika wenzake kama gundi ya kioo. Kwatzi ni lile jiwe jeupe gumu linalounda mifupa ya kikombe. Kaolini huja ikiwa laini tayari. Hayo mengine mawili huja yakiwa mawe, na yasiposagwa yakawa laini kuliko unga wa ngano, kikombe hutoka tanurini kikiwa na vipele, au hakishikani kabisa.

Kinu cha maabara ninayotumia ni kimoja, ni cha chuma, na foleni yake ni ya wiki kadhaa. Siku hizi sina bumu, na fedha ya utafiti ni ile ninayoipata kwa kufundisha tuisheni. Kwa hiyo niliamua kutengeneza kinu changu uani.

Kinu cha gololi ni kitu chepesi kueleweka. Ni pipa linalolala na kuzunguka, ndani yake mna vitu vigumu vya mviringo, na katikati ya vitu hivyo mna kile unachotaka kiwe unga. Pipa likizunguka, gololi hupanda upande mmoja kisha huporomoka, na kila zinapoporomoka huponda na kusugua kilichokaa kati yao. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanakiita karasha. Ukipita machimbo ya Geita usiku, utayasikia makarasha kabla hujayaona.

Pipa langu ni kipande cha bomba nene la plastiki, urefu sentimita 40, kipenyo cha ndani sentimita 15 baada ya kulivisha mpira wa tyubu. Linalala juu ya vyuma viwili vilivyofungwa beringi na kuvishwa mpira wa bustani, na linazungushwa na mota ya mashine ya kufulia iliyokufa, kwa mkanda na puli. Nilichagua mpira kwa makusudi. Mpira nao utalika, lakini ukifika tanurini utaungua na kuondoka.

Kasi nayo ina hesabu yake. Pipa likizunguka polepole mno, gololi huteleza tu chini kama watu waliolala. Likizunguka kasi mno, hubanwa ukutani na kuzunguka pamoja nalo, hazianguki, hazisagi chochote. Kuipata kasi hiyo ya kubanwa, chukua kipenyo cha pipa kwa mita, toa kipenyo cha gololi, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha gawanya 42.3 kwa namba hiyo. Kwa pipa langu na gololi za sentimita 2, jibu ni mizunguko 117 hivi kwa dakika. Kinu hufanya kazi vizuri kwenye theluthi mbili mpaka robo tatu ya kasi hiyo. Nikaliweka kwenye 78.

Lililobaki ni swali moja: ndani niweke gololi gani?

Kaka yangu alilijibu kabla sijamuuliza. Yeye ni kifungua mimba, amenizidi miaka kumi, na anafanya kazi kwenye karasha mkoani Geita. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka huko. Mama alipomwambia ninachofanya, alinipigia siku hiyo hiyo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Nasikia na wewe umefungua karasha."

"Dogo tu, kaka. La ndoo moja."

"Karasha ni karasha. Gololi usinunue. Hizo nakuletea mimi."

Baada ya wiki mbili nilikwenda kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi, kupokea salfeti iliyofungwa kwa waya. Ilikuwa na uzito wa kilo 17. Kijana wa kubeba mizigo aliinyanyua, akaiweka chini, akaniuliza kama nimebeba maiti ya gari. Ndani mlikuwa na gololi za chuma, kuukuu, zimeng'aa kwa kusuguana, nyingine kubwa kama ndimu na nyingine ndogo kama kunazi. Hakuna iliyokuwa duara kamili. Nilimpigia kumshukuru.

"Hizo zilipokuja zilikuwa kubwa kama chungwa," akasema kwa fahari, kama mtu anayeeleza ukoo. "Zimefanya kazi hizo."

Gololi ya chuma ya sentimita 7 ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Ikipungua mpaka sentimita 4 hubaki na robo kilo na ushee. Zaidi ya asilimia 80 yake haipo tena.

"Sasa kaka, hicho chuma kingine kimekwenda wapi?"

Alinyamaza kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. "Kimeisha," akasema.

Kwa Kiswahili neno hilo linatosha. Sabuni huisha, soli huisha, mtu huisha. Lakini chuma hakiishi, huhama. Chuma cha gololi za kaka kilihamia kwenye unga wa mawe, kikapita nao mwaloni, kikaenda kulala kwenye lundo la marudio. Kwa mtu anayetafuta dhahabu, si tatizo kubwa. Kwa mtu anayetafuta weupe, ni tatizo lote.

Nilitaka kuona kwa macho. Nilichagua gololi zake ndogo, nikasaga kwatzi tupu pamoja na maji kwa saa kumi. Kwatzi iliingia ikiwa nyeupe kama chumvi. Ulitoka uji wa rangi ya wingu la masika. Nilitumbukiza sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, nikaitoa ikiwa na ndevu nyeusi. Nilirudia mpaka ndevu zikakoma, na uji bado ulikuwa na kijivu chake. Baada ya siku mbili ulianza kupata manjano, kwa sababu chembe za chuma zilizobaki zilikuwa zinashika kutu, na kutu haivutwi na sumaku kama chuma chenyewe. Nilitengeneza vidonge viwili vya udongo, kimoja kwa unga ule, kingine kwa kwatzi isiyoguswa na chuma, nikavichoma pamoja kwa nyuzi 1,280. Cha pili kilitoka cheupe. Cha kwanza kilitoka na rangi ya chai yenye maziwa mengi. Kwenye kauri, hata nusu ya asilimia moja ya chuma inatosha kuutia weupe doa.

Kwa hiyo nilikuwa na zawadi ya kilo 17 kutoka kwa mtu aliyenisomesha, na nisingeweza kuitumia kwa kazi aliyoitumia. Niliisogeza salfeti chini ya ngazi, nikaanza kuorodhesha gololi nyingine.

Za alumina ndizo wanazotumia viwandani kwa kazi kama yangu. Ni kauri ngumu nyeupe. Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, ambacho almasi ina 10, alumina ina 9 na kwatzi ina 7. Hulika taratibu, na kinacholika ni cheupe. Za zirkonia ni bora zaidi, kwa sababu zina uzito wa mara sita wa maji, na gololi nzito hupiga kwa nguvu zaidi. Zote mbili huagizwa nje, na bei yake pamoja na usafirishaji ilizidi thamani ya kila kitu kilichokuwa uani kwangu, mota ikiwemo.

Za kioo, zile wanazochezea watoto, zinapatikana Kariakoo kwa bei ya kuchekesha. Uzito wake ni mara mbili na nusu ya maji, na ugumu wake uko chini ya kwatzi. Maana yake ningekuwa nasaga gololi kwa kutumia kwatzi badala ya kinyume chake. Na kioo cha kawaida kina soda, ambayo tanurini hulainisha udongo kabla ya wakati. Kikombe kingeinama.

Fundi mmoja wa mtaani kwetu alinipa wazo la nne kwa nia njema kabisa: niyeyushe risasi ya betri mbovu za gari, nizimimine kwenye vifuu. Kwa mahesabu ya uzito, hakuna cha kuishinda. Risasi ni nzito mara 11 na zaidi kuliko maji, inayeyuka kwenye jiko la mkaa, na haitoi cheche. Lakini ni laini, na kitu laini kinachosaga huacha kingi zaidi nyuma. Ningekuwa napika sumu ndani ya udongo wa vikombe, katika ua ambao mtoto wa dada yangu hujifunza kutembea. Risasi huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo, na huharibu kabla hujaona dalili yoyote.

Wakati nasoma kuhusu risasi ndipo nilipokutana na habari za Zamfara, jimbo lililo kaskazini magharibi mwa Nigeria. Mwaka 2010 watoto wa vijiji kadhaa huko walikuwa wakipata degedege na kufa, na mwanzoni watu walidhani ni malaria. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka linakadiria kwamba watoto wapatao 400 walikufa. Wazazi wao walikuwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mawe ya huko yalikuwa na risasi ndani yake, na yalisagwa makavu, mengine kwa mashine za kusagia nafaka, kwenye nyua walimolala na kula. Vumbi lilikaa kwenye udongo, kwenye mikono, kwenye vyakula.

Nilisoma habari hiyo usiku, na nilichokiona kilikuwa karasha la kaka. Mawe yanatofautiana, na sikuwa na sababu ya kudhani ya Geita yana risasi kama yale. Lakini dhahabu hukaa sana kwenye kwatzi, na kwatzi ni silika. Vumbi la silika lililo jembamba kiasi cha kutoonekana hupita puani, hupita kooni, hufika mwisho wa pafu na kukaa. Pafu hujaribu kulizungushia kovu. Makovu yakizidi huitwa silikosisi. Haina tiba, na aliyenayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko wengine. Kitambaa ulichojifunga puani hakizuii chembe hizo.

Nilimpigia Jumapili, siku ambayo karasha linalala.

"Kaka, huko kwenu mnasaga kukavu au kwa maji?"

"Kukavu. Maji huku yanakuja na boza, yananunuliwa."

"Lakini huo unga si unakwenda kuchanganywa na maji mwaloni?"

"Unakwenda."

"Basi maji si mnayanunua hata hivyo? Yakianzia ndani ya karasha, vumbi halitoki."

Alicheka, akanieleza mambo ambayo vitabu vyangu havina. Mteja huleta mawe kwa mifuko na hulipa kwa mfuko. Anasimama pale pale kuona unga wake unavyotoka, kwa sababu anaogopa kuibiwa. Uji hauhesabiki kwa mifuko, na unabaki ukutani mwa karasha, na kilichobaki ukutani mteja husema ni dhahabu yake. Mwenye karasha hataki ugomvi. Katikati ya maelezo akakohoa, kikohozi kirefu kilichomfanya aitoe simu sikioni.

"Hicho kikohozi, kaka?"

"Ni cha vumbi tu."

"Ndicho ninachosema, kaka. Ni cha vumbi."

Safari hii hakucheka.

Gololi zangu nilizipata mtoni, chini ya milima ya Uluguru. Si wazo jipya. Viwanda vya kauri vya Ulaya vilitumia mawe ya gumegume yaliyoviringishwa na bahari kwa miaka mingi kabla ya alumina kuenea. Mto hukufanyia nusu ya kazi. Jiwe lenye ufa limeshavunjika huko juu, na lililofika bondeni likiwa duara limeshafaulu mtihani. Nilitafuta kwatzi nyeupe za sentimita 1.5 mpaka 3. Zile kubwa huponda, na zile ndogo husugua, kwa hiyo mchanganyiko hufaa kuliko saizi moja. Nilikataa zenye mistari myeusi au madoa ya kutu. Nilikwaruza kipande cha chupa kwa kila moja: isiyokwaruza kioo si kwatzi. Niligonganisha mbili mbili na kusikiliza, kwa sababu jiwe zima hulia na lenye ufa hutoa sauti ya kifuu. Nyumbani nilizizungusha na maji matupu kwa saa sita, nikatupa zilizobanduka.

Kujaza pipa nako kuna utaratibu. Gololi ziwe karibu nusu ya pipa, na kwa pipa langu hizo ni kilo 5.6 za mawe. Chuma kwa ujazo huo huo kingekuwa zaidi ya kilo 16, na mota yangu ingegoma. Kisha unamimina uji wa kutosha kujaza nafasi kati ya gololi na kuzifunika kidogo tu. Ukizidisha, zitaogelea bila kugusana. Mawe yenyewe niliyachoma kwanza mpaka yakawa mekundu, kisha nikayatumbukiza kwenye maji. Kwatzi ikipita nyuzi 573 hubadilika umbo ndani na kutanuka, na ikipozwa ghafla hujaa nyufa. Baada ya hapo hupondeka kwa mti.

Niliweka gramu 600 za feldispa na 600 za kwatzi, na maji chini kidogo ya lita moja. Baada ya saa 20 nilifungua. Uji ulikuwa mweupe. Niliosha gololi, nikazikausha, nikazipima. Zilikuwa zimepungua gramu 30.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mawe ya mto yananifaa hata kuliko gololi ghali. Gramu hizo 30 zimo kwenye uji, lakini zenyewe ni kwatzi, na kwatzi imo kwenye mapishi yangu. Mzigo uliofuata nilipima gramu 570 badala ya 600, na gololi zikajazia zilizobaki. Hakuna gololi isiyolika, kwa hiyo nimeacha kuitafuta. Nachagua ile ambayo kilicholika kwake naweza kukitaja kwa jina, kukipima, na kukipa nafasi ndani ya kikombe. Na nasaga kwa maji, mfuniko umefungwa, kwa sababu kwatzi ya uani kwangu ni silika ile ile ya Geita.

Katika daftari langu kuna safu yenye kichwa "Imekwenda wapi". Mpaka sasa kila mstari una jibu.

Gololi za kaka zimepata kazi. Zimehamia kwenye pipa fupi la chuma, zinasaga vipande vya tofali la kuchoma kwa ajili ya udongo mwekundu wa vyungu. Wekundu huo ni chuma tayari. Gramu chache zaidi hazimsumbui mtu.

Wiki iliyopita alinipigia mwenyewe. Mwenye karasha amekubali wajaribu kusaga kwa maji mifuko ya mteja mmoja anayemwamini, mawe yapimwe kwa mzani kabla ya kuingia, na karasha lioshwe mbele yake. Hajaahidi zaidi ya hapo. Na Jumatano kaka anakwenda hospitali ya mkoa kupigwa picha ya kifua. Nauli nimemtumia, ingawa alikataa mara mbili.

"Zile gololi zangu umezitupa?" akauliza.

"Hapana, kaka. Zinasaga tofali."

"Zikiisha uniambie, nikuletee nyingine."

Nikamwambia safari hii asizitume kwa basi. Azilete mwenyewe, pamoja na majibu ya picha.